Nilivyopika Uji Kwenye Bwawa la Matuu

Nimestaafu nikiwa na miaka thelathini na moja. Chekeni kwanza, mkimaliza tuendelee. Wenzangu wa kustaafu wana mvi na magoti mabovu. Mimi nina nywele zangu zote, na harufu ya klorini ambayo haijawahi kutoka kwenye koti langu la Jumapili. Kwa miaka sita nilitunza mabwawa ya kuogelea ya majumbani, kuanzia Syokimau hadi Matuu. Sasa nafundisha kemia katika shule moja upande wa Kithyoko, mahali ambapo maji huletwa na punda na hakuna anayeuliza pH yake.

Nawaandikia nyinyi mnaonipigia simu. Mmemaliza chuo, kazi hamna, mmeona watu wanajenga nyumba zenye mabwawa, na mnaniuliza, "Mwalimu, hiyo kazi iko aje?" Kwenye simu huwa nababaika. Nikishakata ndipo nakumbuka nilichotaka kusema, kisha nashinda siku nzima nikijiuliza kama aliyenipigia ameniona mjinga. Afadhali niandike. Kwenye karatasi naweza kufuta.

Aliyenifundisha kazi ni mwanamke anayeitwa Kalondu. Zamani alikuwa akifua mashuka katika hoteli moja mjini Machakos. Siku mtunza bwawa wa hoteli hiyo alipoacha kazi, meneja alitazama huku na huku atafute mtu mwingine anayejua mambo ya sabuni, macho yakamwangukia Kalondu. Hivyo ndivyo wataalamu wanavyopatikana. Nilipomkuta alikuwa amejitegemea, ana pikipiki, brashi ndefu, na wateja wanaomwogopa.

Siku ya kwanza alinikagua kuanzia viatu hadi miwani.

"Umesoma nini?"

"Kemia."

"Mpaka wapi?"

"Digrii."

"Jina?"

"Mutuku."

"Mutuku niko nao watatu kwa simu. Wewe utakuwa Digrii."

Nilikuja na jedwali kwenye simu. Unaingiza urefu wa bwawa, upana, kina, matokeo ya vipimo, nalo linakwambia uweke gramu ngapi za nini. Kalondu alikuwa na kisanduku cha plastiki chenye vijibomba viwili na chupa mbili za matone. Unachota maji, unadondosha matone, unalinganisha rangi. Upande mmoja klorini, upande wa pili pH, yaani uchachu wa maji. Ukipata pH kati ya saba nukta mbili na saba nukta sita, unafunga kisanduku na kwenda kunywa chai. Ikishuka chini, macho ya waogaji huwasha na vyuma vya pampu huliwa. Ikipanda juu, klorini yako inalala usingizi hata ukimwaga gunia. Hiyo ndiyo kazi yenyewe. Yaliyobaki ni kuokota majani.

Nilibishana naye kuhusu jedwali kwa wiki mbili. Wiki ya tatu tulienda Syokimau, kwa mzee mmoja aliyelalamika kwamba bwawa lake linanuka dawa kupita kiasi. Nilichomoa simu nianze kukokotoa jinsi ya kupunguza klorini. Kalondu aliinama, akanusa, akapima, akaanza kuongeza.

"Mama, nimekuambia dawa imezidi," mzee akasema.

"Dawa imekwisha. Hii unasikia ni harufu ya dawa imechoka. Imepigana na jasho na mkojo mpaka ikafa. Hapa watoto wanakojoa."

"Sina watoto hapa. Tuko mimi na mke wangu."

Mimi nilitazama miti.

"Basi mtajuana," Kalondu akasema, akamimina klorini iliyobaki.

Kwa hiyo wekeni akilini: bwawa likinuka klorini sana, mara nyingi klorini hai imepungua. Chuoni niliandika kurasa nne kuhusu jambo hilo na nikapata alama nzuri. Pale kando ya maji sikulitambua.

Kosa langu kubwa la mwaka wa kwanza lilikuwa la ndoo. Asidi na klorini hazikutani. Hazilali chumba kimoja, hazichotwi kwa kikombe kimoja, hazipitii ndoo moja. Nilijua hilo kuliko Kalondu, ningeweza kumwandikia mlinganyo wake ukutani. Lakini siku hiyo nilikuwa nimefikiria sana kuhusu uzito wa asidi, kwamba ni gramu mia tatu au mia tatu na ishirini, hata nikachukua ndoo iliyokuwa na masalia ya klorini, nikamimina. Ilichemka kama sufuria, ikatoa moshi wa rangi ya majani yaliyokauka. Nilikimbia bila kuangalia upepo unaelekea wapi, na upepo ulikuwa unaelekea nilikokimbilia. Kalondu alinikuta nimepanda ukuta wa jirani, nakohoa, na mbwa wa jirani ananingoja chini.

"Digrii," akasema, "hapo juu unapima nini?"

Tangu siku hiyo ndoo zetu zilikuwa na rangi mbili, nyekundu na nyeupe. Rangi haihitaji kufikiriwa, na mimi nikiachiwa nafasi ya kufikiri nafikiri mpaka naharibu.

Na hapo ndipo nafika Matuu.

Bi Mueni ni mfanyabiashara wa maembe. Alijenga bwawa nyuma ya nyumba yake kwa ajili ya sherehe, na majirani walipoona shimo lile la mstatili walidhani anachimba choo cha ukoo mzima. Maji yake yanatoka kwenye kisima kirefu alichochimba mwenyewe, maji maangavu, mazuri kwa macho, lakini magumu. Sabuni haitoi povu. Bwawa lilipokamilika, mchungaji wake alipita hapo siku moja, akalitazama kwa muda, akauliza kama linaweza kutumika kwa ubatizo.

Kanisa lao huzamisha. Hakuna kunyunyiziwa. Miaka yote walikuwa wakibatiziwa kwenye silanga, lile bwawa la udongo ambamo ng'ombe hunywa, na unatoka humo ukiwa umeokoka lakini umevaa tope. Mama yake Bi Mueni, Susu Ndunge, yaani Nyanya Ndunge, alikuwa amesali katika kanisa hilo tangu akiwa msichana na hakuwa amebatizwa. Mara mbili alifika ukingoni mwa silanga akiwa amevaa joho, na mara mbili alirudi nyumbani mkavu. Watu walisema ana ukaidi. Wengine walisema ana dhambi fulani kubwa, na walikuwa na orodha.

Nilifika kwao Alhamisi. Ubatizo ulikuwa Jumapili asubuhi. Kalondu alikuwa Kithimani, kwenye bwawa lililopasuka, kwa hiyo nilikuwa peke yangu. Susu alikuja na kiti chake cha plastiki, akakaa kando ya bwawa, akanitazama nikipima.

"Hii maji itakuwa hivi hivi Jumapili?" akauliza.

"Itakuwa nzuri zaidi, Susu."

"Sitaki zaidi. Nataka kuona chini." Akasogeza kiti karibu na maji. "Nikiwa mdogo tulikuwa tunakaa karibu na Tana. Dada yangu aliingia kuchota. Maji ilikuwa ya udongo. Mamba alikuwa hapo miguuni mwake na hakuona. Mimi nikiingia maji, lazima nione miguu yangu. Nisipoona, siingii. Huyo pastor aseme atakachosema."

Akaniambia jambo lingine, kwa sauti ile ile ya kuzungumzia mboga: alikuwa na miaka themanini na kitu, na hakutegemea kuulizwa mara ya nne.

Sasa fikirieni mtu kama mimi akiambiwa hivyo.

Nilipima. Maji yalikuwa safi kabisa, ungeweza kuhesabu skrubu za kifuniko cha bomba la chini. Ila pH ilikuwa sita nukta nane. Mlinzi wa Bi Mueni alikuwa akitupia vidonge vya klorini kila akikumbuka, na vidonge vile huchachusha maji. Kwa mtu wa kawaida hili ni jambo dogo. Unaweka soda ash kidogo, ile poda nyeupe ya kupandisha pH, unawasha pampu, unangoja. Lakini nilimwazia Susu akiinuka kutoka majini macho yakiwaka moto, akiapa kwamba shetani yumo humo. Nikakokotoa mara tatu. Mara tatu nikapata jibu moja, jambo lililonitia wasiwasi zaidi, maana huenda nilikuwa ninarudia kosa lile lile.

Niliweka soda ash. Baada ya dakika kumi nikapima. Haikuwa imesogea. Nikajiambia jedwali limekosea ukubwa wa bwawa, nikaongeza. Dakika kumi nyingine, nikapima pale pale nilipokuwa nimesimama. Imesogea kidogo tu. Nikaongeza. Pampu ya nyumbani inahitaji saa kadhaa kuzungusha maji yote, nami nilikuwa napima kila muda wa kunywa kikombe cha maji. Kufikia saa kumi jioni sikuziona tena skrubu. Kufikia saa kumi na moja sikuuona mkono wangu niliouzamisha mpaka kiwiko. Bwawa zima la Bi Mueni lilikuwa jeupe kama uji wa mgonjwa.

Bi Mueni alitoka nje na simu sikioni, akalitazama, akamwambia aliyekuwa akiongea naye, "Nitakupigia."

"Fundi, hii ni hatua ya kwanza?"

"Ndiyo," nikasema. Mungu anisamehe.

Ijumaa asubuhi Susu alikuja na kiti chake. Hakukaa.

"Uliweka nini?"

"Soda ash, Susu. Ni ndugu wa magadi."

"Magadi? Kwa maji ya hii kisima?"

Alinishika mkono wa shati, akanivuta hadi jikoni. Akanionyesha birika, ndani limeganda ukoko mweupe mnene kama plasta. Kisha akanieleza, polepole, kama ninavyowaeleza sasa wanafunzi wa kidato cha kwanza, kwamba akipika muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa, hutia magadi ili yalainike haraka. Lakini hutumia maji ya mvua kutoka kwenye tangi. Siku mkwe wake alipotia magadi kwenye maji ya kisima, sufuria iligeuka nyeupe, na watu wakala chakula chenye ladha ya ukuta.

"Kila mtu hapa anajua," akasema. "Wewe ulienda shule gani?"

Sikumtajia. Sikutaka kukiaibisha chuo. Maji yale yamejaa chokaa iliyoyeyuka, na ukipandisha pH ghafla chokaa hujitenga na kuelea. Ningeweza kumwandikia mlinganyo. Mlinganyo wa uji wa bwawa ulikuwa swali la pili katika mtihani wangu wa mwaka wa pili, na nililijibu sawasawa.

Nilimpigia Kalondu. Aliacha bwawa lake lililopasuka, akafika saa nane mchana. Akasimama ukingoni, helmeti bado kichwani.

"Digrii. Umesahau sukari."

Akauliza ndoo ya asidi iko wapi, nami nikamletea nyekundu. Hapa sikilizeni vizuri, maana ndio ufundi wenyewe: maji kwanza kwenye ndoo, asidi baadaye, kamwe usigeuze. Mimina kidogo kidogo upande wa kina kirefu pampu ikizunguka, upepo ukiwa mgongoni kwako. Kisha ondoka. Alininyang'anya kisanduku cha vipimo, akakikalia.

"Kitatoka hapa saa kumi na mbili," akasema. "Ukitaka kupima kabla, utaninyanyua."

Hakuna mtu amewahi kumnyanyua Kalondu. Niling'oa magugu ya Bi Mueni yote, na nadhani na maua kadhaa. Saa kumi na mbili tulipima: saba nukta tatu. Uji ulikuwa umepungua ukawa maziwa yaliyotiwa maji. Kichujio kingefanya kazi usiku kucha na Jumamosi nzima, na Jumapili tungekuwa sawa.

Jumamosi saa mbili asubuhi stima ilikatika. Si kwetu tu, upande ule wote wa mji. Pampu ilinyamaza. Bi Mueni alipiga simu zote alizokuwa nazo, akaambiwa wanashughulikia, maneno ambayo kila Mkenya anajua maana yake. Nilikaa chini kwenye saruji. Nilianza kutunga barua ya kuomba radhi kichwani, nikafika aya ya tatu.

"Inuka," Kalondu akasema. "Stima imetusaidia. Maji yakitulia ndio uchafu unashuka. Lete alum."

Alum ni yale mawe meupe ambayo mama zetu huyazungusha kwenye ndoo ya maji ya mto ili tope lishuke. Ya dukani huja ikiwa unga. Tuliikoroga kwenye ndoo za maji, tukainyunyiza bwawa zima kwa mkono kama watu wanaolisha kuku, tukapitisha brashi taratibu mara moja. Basi. Bi Mueni alifunga geti, akatangaza kwamba atakayetumbukiza hata kidole atafukuzwa akale Krismasi kwao.

Mimi ndiye niliyepata shida zaidi. Alum nayo hushusha pH; je, kama ingeshuka tena? Je, kama tope lingeganda katikati lisifike chini? Nilimwuliza Kalondu maswali hayo yote.

"Digrii, hii kazi nusu yake ni kungoja. Hiyo nusu hawakukufundisha, sababu haina mtihani."

Jumapili mapambazuko uji wote ulikuwa umelala chini kama blanketi. Maji ya juu yake yalikuwa safi kiasi cha kuogopesha. Kulitoa blanketi hilo bila kulichafua ni kazi ya mwizi. Unajaza mpira wa maji mpaka hewa yote itoke, mdomo mmoja chini ya bwawa, mwingine mteremkoni, nayo maji yanavutwa yenyewe pamoja na uchafu. Unausogeza mdomo wa chini taratibu mno, kama unayepita mlangoni mwa baba mkwe. Saa mbili na nusu upande wa kina kifupi ulikuwa tayari. Upande wa kina kirefu mpira ulikuwa umetibua uchafu kidogo, kukawa na ukungu. Maji yalikuwa yamepungua kiasi cha shubiri mbili. pH saba nukta mbili, klorini sawa.

Saa tatu watu walikuwa wamejaa. Kwaya upande huu, watakaobatizwa upande ule, wamepakwa mafuta wanang'aa, nami nikawaza jinsi mafuta yale yatakavyoelea. Mchungaji alikuwa majini tayari, joho limevimba kama mwavuli. Aliita jina la Susu Ndunge kwanza, kwa heshima ya umri.

Susu alifika kwenye ngazi. Akatazama maji. Akatazama kule kwenye ukungu. Kwaya ikaimba ubeti mmoja, ikaurudia, ikaishiwa.

"Mama, karibu," mchungaji akasema.

"Nangoja huyu." Alikuwa ananinyooshea kidole mimi, nimesimama na kisanduku changu cha vipimo. "Wewe. Kijana ya magadi. Umewahi kuingia hii maji?"

Watu wote waligeuka. Wanangu, nilikuwa nimetunza mabwawa miaka minne wakati huo na sikuwahi kuingia hata moja zaidi ya mkono. Sijui kuogelea. Ninajua yaliyomo mle.

"Hapana, Susu."

"Ya mtu mwingine?"

"Hapana."

"Na unataka mimi niingie."

Nilimtafuta Kalondu kwa macho. Alikuwa anakunja mpira wa maji kwa bidii ambayo sijapata kuiona kwake.

Nilivua viatu na soksi, nikakunja suruali, kisha nikaona haina maana, nikaingia na nguo. Ngazi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Maji yalikuwa baridi. Nilisimama kando ya mchungaji, maji yakinifika kifuani, mikono juu kama niliyekamatwa. Nikainamisha kichwa, nikaona vidole vyangu kumi vimekaa kwenye vigae, vyeupe kidogo.

"Naona miguu yangu, Susu," nikasema.

"Tembea."

Nikatembea kwenda na kurudi.

Susu Ndunge alimkabidhi binti yake fimbo, akashuka ngazi moja moja, macho hayatoki chini. Kwenye ngazi ya mwisho alinishika mkono, akanibana mpaka nikahisi mifupa. Hakuuachia hata mchungaji alipoweka kiganja chake kichwani pake na kusema maneno. Kwa hiyo alipozamishwa tulishuka pamoja, yeye mzima, mimi mpaka kidevuni. Nilihesabu sekunde. Nilihesabu tatu, na katika hizo tatu niliwaza mambo ambayo ningehitaji ukurasa mwingine kuyaeleza.

Akainuka. Kwaya ikalipuka. Bi Mueni alikuwa analia. Susu alisimama wima, maji yanamtiririka usoni, na hakuwa amefunga macho. Alikuwa ameyakodoa, bila wasiwasi wowote.

"Susu, macho yanawasha?" nikamnong'oneza.

"Haiwashi. Niliyafungua huko chini." Hakunong'ona. Hakuwahi kunong'ona maishani mwake. "Nimeona miguu yangu, yote miwili. Nimeona ya pastor, ameingia na soksi, na ya kushoto iko na shimo. Na wewe, kijana, kata kucha."

Nilizikata jioni hiyo hiyo.